Njia ya Kasiva

Kibwezi, Ijumaa

Dada Syombua,

Sauti iliyonibakia ni ya panga likigonga mfupa. Fupi, kavu, kama mtu anayevunja kuni. Nisamehe kuitanguliza kabla ya salamu. Hamjambo huko Mwingi? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Ule mtaa mpya wa karibu na stesheni ulianza kujengwa Jumanne. Unakumbuka nilivyojigamba nilipokuwa nikiuchorea ramani: nyumba zikaribiane, maduka yawe chini, kila mtu aifikie treni kwa miguu ndani ya dakika kumi. Tena njia zifuate pale watu wanapopita tayari. Njia kuu niliichora juu ya mstari mweupe uliokatiza kichaka, wazi kabisa kwenye picha ya setilaiti.

Mstari huo ni wa mjane mmoja, Kasiva. Miaka kumi na minne ameukanyaga peke yake kila asubuhi, akienda kufagia kaburi la mumewe.

Tingatinga lilipasua saruji ya kaburi. Mwanawe, Mulwa, alimuuliza mpima ardhi kama siku hizi kaunti inaajiri mwewe, maana mtu mwenye miguu angefika aone. Mpima akacheka, akamwambia amhamishe mzee, stesheni iko karibu, atapata kiti cha dirishani. Panga la Mulwa likashuka. Mkono wa mpima ulikatika kwenye kiwiko ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Polisi waliokuwa wakilinda kazi walimwangusha Mulwa wakampiga rungu hadi taya likavunjika. Kasiva alijitupa juu ya mwanawe, naye wakampiga, damu ikamziba macho. Mimi nilisimama nimekumbatia ramani.

Mulwa ameshtakiwa kwa kujaribu kuua. Upande wa mashtaka unasema alijua fika kwamba njia ni ya umma na kwamba familia ilikubali, kwa kuwa ripoti ya mradi inasema hivyo. Dada, ripoti hiyo niliiandika mimi. Niliandika kwamba niliitembea njia yote nikazungumza na wenyeji. Sikuitembea hata hatua moja. Siku hiyo jua lilikuwa kali, nikakaa ofisini kule mjini Wote, nikaona picha inatosha.

Damu ya mpima iko mikononi mwa Mulwa, sikatai. Lakini ule uongo si wake.

Nisalimie Mama, ila usimsomee yote. Wasalimie watoto pia. Leo asubuhi nilimpelekea wakili wa Mulwa maelezo yangu yenye sahihi, na nakala nimeiacha mezani kwa mkubwa wangu pamoja na funguo za ofisi.

Mdogo wako,
Mbinya