Wageni Tuliowarudisha Mlangoni

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu ulipotuaga asubuhi ile ya Jumanne, chai yako ikiwa bado ya moto. Wenzetu huandika kumbukumbu kwa moyo mweupe. Sisi tunaandika kwa aibu, tena gazetini, kwa sababu tuliowakosea ni wengi na hatuwezi kuwapitia nyumba kwa nyumba kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Ulifundisha shule moja miaka thelathini na mmoja. Asubuhi ulisimama langoni, ukimuuliza huyu kama kikohozi kimepona na yule kama mdogo wake ameanza kutembea. Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, ulimpigia simu mzazi mmoja kumpa habari njema tu za mwanawe. Wengi walipokea kwa hofu, wakiuliza mtoto amefanya nini tena. Ulikuwa ukisema kwamba mzazi uliyemwanzia na mema, siku ya mabaya haji amekunja ngumi.

Wanafunzi walipompanda kichwani yule mwalimu mpya wa hesabu, hukumsema wala hukumpeleka kwa mkuu. Ulibeba madaftari yako ukawa unayasahihishia kwenye dawati la nyuma la darasa lake, wiki mbili, kimya. Watoto wakatulia. Yeye akadhani ni ukali wake, nawe ukamwacha adhani hivyo.

Halafu fundi wa kuchomelea mageti, ambaye alikwepa mikutano ya wazazi kwa kuwa hajui kusoma. Ripoti ya bintiye ulimpelekea karakanani, ukamsomea kama mtu anayepiga soga tu.

Sisi wanao tulinung'unika. Kitinda mimba wako alizoea kusema kwamba ukitaka Mama akusikilize, vaa sare. Tulicheka sana, lakini ule mzaha ulikuwa unatuuma.

Kisha ukaugua. Daktari akasema upumzike, nasi tukalidaka neno hilo. Walipokuja wanafunzi, tulisema umelala. Walimu wenzako tuliwaambia wajaribu wiki ijayo. Fundi alikuja mara nne, bado na nguo za kazi, na hakuvuka kizingiti; aliacha salamu tu. Mama, hukuwa umelala. Ulikuwa chumba cha pili, umeegemea mito, unasikiliza redio ambayo sisi tuliipandisha sauti makusudi.

Ukatuuliza, "Hakuna aliyepita leo?"

"Hakuna, Mama."

"Msiwalaumu. Ni wakati wa mitihani."

Uliwatetea hivyo kwa wiki sita. Wiki ya saba ukaacha kuuliza, nasi tukaona nafuu. Mungu atusamehe, tuliona nafuu.

Haikuwa daktari, Mama. Ulikuwa wivu. Maisha yetu yote tulikugawana na watoto wa watu, tukataka angalau mara moja uwe wetu peke yetu. Tulikupata kweli, ukiwa mnyonge, na unyonge mwingine tukakuongezea sisi.

Siku ya mazishi fundi alinishika mkono mimi, kifungua mimba wako, akaniuliza, "Salamu zangu zilimfikia?"

Nikamjibu kwamba zilifika, na kwamba ulifurahi sana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii nimeitembea mwaka mzima, maana tangu siku ile yule bwana huwasimulia wateja wake jinsi Mwalimu alivyofurahi. Nikipita karibu na karakana yake navuka barabara.

Fundi, salamu zako hazikufika. Mwalimu wa hesabu, Mama hakuambiwa kwamba ulikuja, wala kwamba ulikaa kwenye ngazi zetu saa nzima. Wazazi na watoto, alifariki akidhani mmemsahau, na bado hakuwasema vibaya. Tunawaomba radhi, hata kama radhi hiyo hamtaweza kuitoa leo.

Unakumbukwa na mumeo, aliyejua akanyamaza. Na dada yako, aliyetukanya nasi hatukumsikiliza. Na sisi wanao watatu, na wajukuu zako wawili. Unakumbukwa pia na wengine wengi ambao majina yao hatuwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa pale mlangoni hatukuwauliza.

Hatutakusahau kamwe. Walikuja, Mama. Kila siku walikuja.