Fundo Lenye Masikio Mawili

Cambrai, 4 Oktoba 1957

Bibi mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nikianza na salamu najua sitalifikia. Basi nalisema kwanza: fundo la Wannes nililifungua mimi.

Sasa salamu. U hali gani, Bibi? Miguu bado inavimba? Sisi wazima, ila mgongo wa Baba. Tishari letu limepakia makaa ya mawe, tunateremka nayo kwenye mifereji kwenda Paris. Nakuandikia Kiflemi kwa sababu Mama hasomi ila Kifaransa chake. Hata hivyo akishuka ngazi nafunika karatasi kwa kitabu cha nyimbo.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile ulimvika mdogo wangu Wannes mkanda wake wa ngozi. Ncha moja ya kamba ilikuwa kwenye pete ya kibanda cha usukani, nyingine ukaipigia fundo mgongoni pake, ukapima kama kawaida yako: mtoto aishie kiganja kimoja kabla ya ukingo. Tulipoingia kwenye lango la maji, kati ya kuta zake mbili ndefu, maji yakapunguzwa na tishari likaanza kushuka, Wannes akalia kwamba anataka kugusa ukuta, yale majani mabichi yanayoteleza. Alikuwa na miaka mitatu, nami sikuweza kumnyima kitu. Nikafungua fundo lako, nikamwongezea mkono mmoja wa kamba, nikafunga upya kama watawa walivyonifundisha shuleni kufunga viatu, fundo lenye masikio mawili. Kisha nikaenda kumenya viazi.

Baba alipoivuta kamba, ilikuja peke yake.

Mama aliuliza mbele yetu sote ni nani aliyemfunga mtoto, nawe ukajibu, “Mimi.” Wiki ile ile tuliyomzika ukashuka na begi lako, na kwa miaka sita hujakanyaga tena chombo hiki.

Ningeendelea kunyamaza. Lakini tangu tulipopita Bouchain kuna kamba kwenye ile pete. Naikuta kila asubuhi, imelowa, na mvua haijanyesha. Mwishoni mwake kuna masikio mawili, yamefunga hewa. Nalifungua fundo, naificha kamba chini ya turubai, asubuhi ipo. Mama anadhani Baba ameitoa kwa ajili ya mdogo wetu Mieke, usiyewahi kumwona, ambaye ameanza kusimama. Baba anadhani ni Mama. Hawa wawili hawaulizani, unawajua.

Kesho tunaingia handaki la Riqueval, pale mfereji unapopita chini ya kilima. Jibu lako litume kwa mlinda lango wa maji wa Chauny, nitalichukua tukipita.

Mjukuu wako,
Lieve


Conflans, 8 Oktoba 1957

Mjukuu wangu, somo yangu,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Miguu ni ya mtu wa miaka sabini, haina habari mpya. Jirani yangu, mjane wa mtu wa matishari, ananiletea supu isiyo na chumvi, kisha anasimama mlangoni akingoja shukrani.

Nilijua, Lieve. Niliiokota ile kamba kabla mama yako hajaiona, na sikio moja lilikuwa bado limesimama. Ni nani mwingine humo aliyefunga kamba kama mtoto wa shule? Nilikubali kwa sababu mimi ningeweza kushuka nchi kavu. Wewe ungekwenda wapi? Chombo kina mita thelathini na nane, na mama ni mmoja. Nyamaza basi. Lawama nimeizoea, nalala nayo vizuri.

Lakini hiyo kamba yenu siielewi. Ile ya Wannes niliitia begini siku niliyoshuka. Iko sandukuni chini ya kitanda changu, na ufunguo ninauvaa shingoni. Nilipomaliza barua yako nilifungua nihakikishe. Ipo. Imelowa chapachapa, na sanduku zima linanuka ukuta wa lango la maji.

Msimfunge Mieke kwa hiyo.

Bibi yako


L'Isle-Adam, 15 Oktoba 1957

Bibi mpendwa,

Miguu haijambo? Utaniwia radhi, leo nimeandika kwa Kifaransa. Itabidi jirani yako akusomee. Mwambie chumvi ya ile supu naidai mimi.

Handakini walizima injini kama kawaida, tukavutwa kwa mnyororo, matishari kumi na moja, zaidi ya saa mbili gizani. Juu ya sitaha kitu kilikuwa kinaburutwa. Kinafika mahali, kinakwama, kinarudi. Baba alisema ni matone ya dari. Nikakubali, ingawa matone hayageuki.

Barua yako nilipewa Chauny. Jana, karibu na Creil, Mama aliichukua ile kamba, akasema kamba nzima haitupwi, akamfunga Mieke kwa mafundo matatu. Nilisimama pale barua yako ikiwa mfukoni. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama viazi vinatosha.

Kabla viazi havijachemka, Mieke alikuwa ukingoni, amenyoosha mkono kwenye ukuta wa lango, akimchekea mtu aliye chini. Nilimdaka kwa gauni. Kamba ilikuwa imelala nyuma yake, masikio mawili mwishoni. Mama aliitazama sana, akasema polepole, “Mikono ya yule bibi bado imo humu.” Baba akatazama maji. Mama ameapa kesho tutapita Conflans bila kupunguza mwendo, na kwamba Mieke hutamshika maisha yako yote.

Uliniambia ninyamaze. Bibi, nimenyamaza miaka sita, na ona ni nani aliyefika ukingoni. Fundo lile halikutafuti wewe.

Kwa hiyo narudia, kwa lugha anayoisoma Mama: Bibi alimfunga Wannes vizuri. Aliyefungua ni mimi, Lieve, na nikafunga kama kiatu.

Kesho mchana kaa dirishani. Ukisikia injini yetu inapunguza mwendo, teremka gatini, uje na lile sanduku.

Mama anashuka ngazi. Namjua kwa viatu vyake vya mbao. Nyuma yake kuna hatua nyingine, nyepesi, za miguu mitupu iliyolowa. Mieke hajajua kutembea, na amelala hapa ubavuni mwangu.

Kitabu cha nyimbo kilikuwa mkononi. Nimekiweka chini, leo sifuniki. Karatasi iko juu ya meza, taa iko karibu nayo, na—