Komwe za Nyumba ya Mwalimu

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Ijumaa, 9 Novemba 1945.

Mpendwa ndugu yangu Zein,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima huko Bama walikokupeleka vitani, unakula ukashiba na unalala pakavu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua akipanda ngazi, lakini sauti yake haina maradhi hata kidogo, na majirani wote ni mashahidi.

Barua yako ya mwisho tuliipata kabla ya Ramadhani. Vita vimekwisha, watu wameshangilia, na wenzako wawili wa mtaa wa Kuze wamesharudi. Tukiwauliza habari zako husema walikuwa kikosi kingine. Kila meli ya askari ikitia nanga Kilindini, Mama hupika wali wa watu watatu. Mimi humwambia asijisumbue, kisha najitanda buibui langu nakwenda mwenyewe kutazama wanaoshuka. Kwa nini hutuandikii, Zein? Nimekukasirikia, na roho yangu iko juu juu.

Wacha nikupe habari za shule. Unakumbuka ulivyochapwa kwa ajili ya hesabu ya mara saba? Tukiimba tu, asubuhi hadi adhuhuri, na anayekosea ni fimbo. Niliapa nikipata darasa langu sitafundisha hivyo. Sasa nina wasichana ishirini na wawili, wa miaka saba na minane, na hesabu yetu haianzi ubaoni, inaanza mkekani. Kila mtoto ana mfuko wake wa komwe, hizi hizi za kuchezea bao. Natoa swali, wanalizungumza wawili wawili, wanabishana, kisha mmoja anakuja katikati kutuonyesha alivyofanya na wenzake wanamhoji. Kuandika ni mwisho kabisa. Kelele zao, lo! Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani wanapigana. Lakini kugawanya, ambako wewe mpaka leo hukujui, wao wanakujua.

Maswali nikiyatoa majumbani mwao. Kila Jumatatu mtoto huja na komwe kwa idadi ya watu wa kwao, tukazifanyia hesabu. Nyumba ya huyu ikialikwa kwa yule, wangapi watakula? Mikate kumi na miwili, kila mtu apate mingapi? Mama aliposikia alishika kichwa. "Watu hawahesabiwi, Tumu! Wakihesabiwa hupungua." Nikamjibu kwa ujuvi wangu kwamba mimi sihesabu watu, nahesabu komwe. Akaninyamazia siku nzima, na unajua Mama akinyamaza ni jambo kubwa.

Sasa, darasani yupo mtoto aitwaye Mwanarusi, mpole, hodari wa hesabu, hacheki ovyo. Kwao ni jirani zetu, nyuma ya msikiti, na ni watu sita, nawajua wote. Jumatatu moja ya mwezi wa tisa aliweka komwe saba. Nikamwambia ahesabu upya. Saba. Nikamwambia basi atoe moja. Akaishika ile komwe, akaniuliza, "Nikiitoa, mwalimu, atalala wapi?" Watoto wakacheka, nami nikacheka. Alhamisi ile ile ami yake Faraj, aliyeondoka miaka sita bila hata salamu, aliyekwisha kusomewa hitima, akabisha hodi na sanduku lake mkononi.

Nikasema imesadifu tu. Wiki tatu baadaye, nyumba sasa ina watu saba, Mwanarusi akaweka sita. Nikamkumbusha kwamba ami yake amerudi. "Nimemweka," akasema. Basi nikataja jina la kila mtu wa kwao, naye akigusa komwe moja moja kwa kidole. Nilipomtaja bibi yake, kidole kilibaki hewani. Bibi huyo asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekaa barazani akitafuna tambuu, ameniuliza hali ya Mama. Jumatano akazikwa.

Hapo niliogopa, Zein, sikufichi. Pale pale matangani nilimwona mtoto amekaa karibu ya mamake, hana mshangao wowote usoni. Habari zikaenea, kama ujuavyo mji wetu. Mamake Mwanakuu akaja kumtoa bintiye darasani. Wengine wakanijia kwa siri, wenye watoto wao vitani, wakitaka Mwanarusi awawekee komwe. Wote niliwakatalia. Nikaacha hesabu za majumbani, tukawa tunahesabu maembe na samaki.

Lakini nikwambie kweli. Mara ngapi nimemtazama mtoto yule na jina lako liko ulimini, nikalimeza! Nilisema bora nisijue. Asiyejua ana haki ya kungoja.

Tatizo ni desturi yangu mwenyewe. Kila Alhamisi mtoto mmoja huwa mwalimu. Mimi nakaa mkekani pamoja na wengine, yeye husimama, hutoa swali analolitaka, na swali la mtoto halikatazwi. Hiyo ndiyo sheria ya darasa langu, nami nimeringa nayo mbele ya walimu wote. Jana ilikuwa zamu ya Mwanarusi.

Hakuchukua mfuko wake. Alikuja akachukua wangu, akamwaga komwe kando. "Hii ni nyumba ya mwalimu," akasema, "wote wakisharudi." Nilitaka kumzuia, wallahi, lakini sheria ni yangu mwenyewe. Akaweka komwe moja katikati ya mkeka. Akaweka ya pili. Nikangoja. Akajipangusa mikono.

"Wako wangapi?" akawauliza.

"Wawili!" wakajibu kwa furaha, sauti moja.

Ningeweza kutaja majina yetu, naye akanionyesha kwa kidole ni nani na nani. Sikuthubutu. Niliwaruhusu kwenda kwao kabla ya kengele. Mama aliponiuliza mbona nimerudi mapema nikamwambia ni kichwa.

Tangu jana naifanya hesabu hii. Leo tuko wawili, mimi na Mama, na ukirudi tutakuwa watatu. Kwa hivyo mmoja hayumo. Kama ni wewe, namwandikia mtu asiyeweza kusoma, na moyo wangu hautaki hata kuligusa hilo. Kama ni Mama, hilo nalo silitaki. Imebaki moja. Na hiyo, ndugu yangu, nilipoifikia nilitulia, nikapata hata usingizi kidogo adhuhuri. Naomba kwa Mungu iwe ni hiyo.

Basi shika haya. Dawa ya miguu ya Mama huchuliwa baada ya alasiri, na mafuta yapashwe moto kwanza. Akisema ameshakula, mfunulie sufuria utazame, kwani hudanganya. Ufunguo wa kasha uko chini ya msala wangu. Wasichana wangu watafutie mwalimu asiyependa fimbo, na Mwanarusi asiulizwe kitu na mtu yeyote. Hakufanya kosa, alihesabu tu nilivyomfundisha.

Mejumaa anakusalimu sana, na ami Kamaludin, na jirani zetu wote. Mama anakuombea kila sala, hajui nilichokuandikia. Mwenyezi Mungu akukinge mbele na nyuma, akufikishe kwetu salama.

Ukirudi ukamkuta Mama peke yake, usimwulize niko wapi. Mbusu mkono, umwambie umekuja kukaa.

Ni mimi dadako, akupendaye kuliko ulivyowahi kuambiwa,
Tumu binti Badawi