Saa Iliyosahau Asubuhi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yaliyotolewa kituo kidogo cha polisi, kisiwa cha Malapascua, Jumatatu tarehe 17 Machi 2025, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Jovelyn Desucatan
Umri: miaka 37
Kazi: mtunza vifaa, kituo cha wazamiaji cha Bw. Anselmo Yap
Makazi: Logon, nyumba ya tatu nyuma ya kanisa
Uhusiano na majeruhi: mke wake

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Koplo Ouano amenionya kwamba nitakayoyasema yanaweza kutumika dhidi yangu, nami nimeelewa. Jumamosi mlimhoji Lorraine Villacarlos kuhusu saa ya mume wangu, na mpaka leo hati yake ya kazi iko kwenye droo yenu. Mimi simpendi Lorraine. Hilo liandikwe mapema, asije mtu akadhani nimekuja hapa kwa huruma.

Mume wangu ni Crisanto Desucatan, miaka 40, kiongozi wa wazamiaji kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila alfajiri huwapeleka wageni kuwatazama papa wa mkia mrefu, mita thelathini chini. Kazi yangu huanza wakirudi. Nasuuza vifaa vyote kwa maji matamu ya tangi, si ya kisima, maana kisima chetu nacho kina chumvi.

Saa ninayoizungumzia ni kompyuta ndogo ya kuzamia inayovaliwa mkononi. Sisi tunaiita saa tu. Inapima kina na muda, na inakumbuka naitrojeni iliyoingia mwilini mwako tangu asubuhi, hewa ambayo ikizidi humlemaza mtu akipanda juu, ndipo alasiri iweze kukuambia ukae chini dakika ngapi. Kwa hiyo ni ya mwili mmoja. Kwenye ubao wa ghala nimeandika kwa mkono wangu: SAA NI KAMA MSWAKI, HAIAZIMWI. Kila moja naisuuza, naifuta, naianika kivulini. Betri nabadilisha kabla haijaanza kulia njaa, na ringi yake ya mpira naipaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole. Ya Crisanto huwa ya kwanza. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kuivaa mwenyewe. Hunyoosha mkono mlangoni, nami namfunga, tundu la sita.

Lorraine alikuja mwezi wa Novemba kutoka Dumaguete. Ni mwalimu wa kuzamia, ana miaka 28, na kicheko chake kinawaamsha wageni waliolala chumba cha mwisho. Anamwita mume wangu Kuya, yaani kaka, na huyo kaka anaitika kabla jina halijaisha. Nang Basyang, muuza samaki wakavu, alinitazama siku moja akaniambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nikamjibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa na wivu, Koplo. Sioni haja ya kutafuta neno jingine. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao.

Jumatano tarehe 12 Machi niliona mkanda wa saa ya Crisanto una mkunjo mpya kwenye tundu la tatu. Mkono wa Crisanto haufiki tundu la tatu hata akonde vipi. Nilijua ni mkono wa nani, mkono mwembamba kama wa mtoto wa shule. Nikasema moyoni, sasa wamefika pa kuvishana saa. Sikumuuliza. Niliupiga pasi ule mkanda kwa kidole gumba mpaka mkunjo ukalegea.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Ijumaa, mashua ilirudi saa nne kasoro kumi asubuhi baada ya mbizi mbili, ya mita thelathini na moja na ya mita ishirini na nane. Crisanto alinipa saa, akaenda kula. Ni utaratibu wetu kwamba mimi nanakili kina na muda wa kila kiongozi kwenye daftari. Saa tano na dakika arobaini nilikuwa peke yangu ghalani, nimeshamaliza kunakili za siku ile. Kidole kikaendelea kubonyeza kurudi nyuma. Nikakuta Jumanne tarehe 11: saa nne na dakika nane asubuhi, mita kumi na nane, dakika hamsini na mbili. Nikabonyeza tena. Jumanne tarehe 4: saa nne na dakika ishirini, mita kumi na saba, dakika hamsini.

Jumanne ni siku ya mapumziko ya mume wangu. Ni siku ya mapumziko ya Lorraine pia. Kila Jumanne Crisanto ananiambia anampeleka mama yake kliniki Bogo. Ile ya tarehe 11 alirudi na vitumbua vya wali mtamu ndani ya majani, nikala vitatu nikamsifu mkwe wangu. Niliposimama pale na saa mkononi, nilivikumbuka vile vitumbua. Mtu anaweza kudanganya, mama mkwe anaweza kumfichia mwanawe, lakini saa haina sababu ya kunidanganya mimi.

Nilichukua sarafu, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa betri. Nikaitia mfukoni.

Koplo ameniuliza nilikusudia nini. Nilikusudia mume wangu asizame na Lorraine alasiri ile. Kwetu asiye na saa hazami, na saa ya akiba ilikuwa mkononi mwa Lorraine tangu yake ilipoingia maji mwezi wa pili. Ningemwambia imekufa, angebaki nchi kavu, na Lorraine angekwenda na wageni wake wanne akicheka na samaki. Hayo tu. Naapa sikukusudia zaidi ya hayo. Nilijua kwamba saa ya aina ile ikitolewa betri inasahau hesabu ya mwili. Mbizi zilizopita zinabaki zimeandikwa, lakini uchovu wa asubuhi unafutika.

Saa saba na dakika thelathini na tano mchana Crisanto alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kama kawaida yake huku anatazama baharini. Ile hotuba yote niliyoipanga ikapotea. Nikaona aibu. Ningemwambia imekufa, angeitaka aione, na angeona kifuniko kina alama mpya ya sarafu. Nikamgeuzia mgongo, nikairudisha betri. Saa ikaniuliza tarehe na muda. Nikaiwekea kwa kutazama saa ya ukutani. Ikawaka ikiwa tupu. Ilikuwa tayari kumhesabia mtu aliyetoka kitandani sasa hivi, ambaye hajagusa maji tangu juzi.

Nilimfunga tundu la sita. Kila mzamiaji hufundishwa kuitazama saa kabla ya kuingia majini, aone imekumbuka mbizi ya mwisho na mapumziko. Crisanto hakuitazama, kwa sababu ni mimi niliyemfunga.

Nilifungua mdomo nimwambie. Hapo hapo Lorraine akaita kutoka ufukweni, “Kuya Cris, wageni wanakaangika huku. Au tukutumie barua?”

Crisanto akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia nyumbani kwangu tangu Krismasi.

Nikamwambia, “Nenda, unaitwa.”

Ndivyo nilivyosema. Sikusema jingine.

Yaliyotokea majini niliambiwa na Lorraine mwenyewe kabla hatujapanda mashua ya kumpeleka hospitali. Walizama saa nane na dakika tano, mita ishirini na tano. Baada ya dakika ishirini na mbili Lorraine akawapandisha wageni. Nanga ilikuwa imenasa kwenye mwamba, Crisanto akabaki kuinasua. Lorraine alimwonyesha kwa mkono apande. Crisanto akamwonyesha saa yake: bado ilikuwa inampa dakika tano. Lorraine akashangaa, maana na yeye alizama asubuhi na saa ya mkononi mwake ilikuwa imekaribia sifuri. Lakini Crisanto ni mkubwa wake kazini, na saa ya Crisanto inatunzwa na mimi. Hayo ni maneno yake Lorraine.

Mashua ilirudi saa tisa na robo. Nilikuwa kwenye tangi. Crisanto aliruka kutoka mashuani, mguu wa kushoto ukakataa. Alicheka kwanza, akasema ameteleza. Hatua ya pili akaanguka kifudifudi kwenye maji ya magotini. Alisema bega linamchoma na miguu inamtambaa sisimizi. Lorraine ndiye aliyemlaza chali, akamvika barakoa ya oksijeni, akamwita jina mpaka tulipovuka hadi bandari ya Maya alikokuwa anangoja dereva wa kutupeleka Cebu. Mimi nilikaa mkabala wao nimeshika kandambili zake. Hata pale, naomba msamaha kusema hivi, niliutazama mkono wa Lorraine juu ya kifua cha mume wangu na nilitamani kuung'oa.

Walimwingiza kwenye chumba cha shinikizo la hewa, cha kuitoa ile naitrojeni mwilini, usiku uleule. Jumamosi saa kumi jioni Boss Selmo, yaani Bw. Yap, alinipigia simu. Alisema ameikagua saa, imekosa hesabu ya asubuhi, kuna mtu ameichezea, na Lorraine amekiri mbele ya polisi kwamba aliivaa Jumanne mbili.

“Huyo amekwisha, Jovelyn,” akasema. “Hatazamisha hata bata.”

Nilifurahi. Na hilo liandikwe. Nilifurahi kama dakika moja nzima. Nilipokata simu ndipo hesabu ikanijia. Kama Jumanne zile aliivaa Lorraine, basi haikuvaliwa na Crisanto. Saa ilinionyesha kina, ikanionyesha muda. Haikuniambia ni mkono wa nani. Mimi niliyeandika ubaoni kwamba haiazimwi sikuwaza kabisa kwamba inaweza kuazimwa.

Jana Jumapili saa nne asubuhi waliniruhusu kumwona. Mguu wa kushoto bado hausikii. Daktari hasemi utarudi wala hasemi hautarudi. Crisanto aliniambia bila kuulizwa. “Nilimwazima Lorraine saa, maana ya akiba ni ya siku za kazi tu, anafanyia mazoezi ya mtihani wake. Mimi nilikuwa Bogo na Mama. Sikukuambia, maana ungeniua kabla ya bahari.”

Hapo daktari akaingia na karatasi zake. Aliuliza saa ile inatunzwa na nani, na kama kuna uwezekano ilikuwa na hitilafu.

Crisanto akamwambia, “Inatunzwa na mke wangu. Hapo hakuna kosa, daktari. Tafuta kwingine.”

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi. Leo nimepanda mashua ya kwanza.

Hasira hasara, tulifundishwa tangu utotoni, na mimi nimeijua hasara ilivyo. Wivu wenyewe haujanitoka. Nikimwona Lorraine leo mchana, bado nitaangalia amesimama karibu na nani. Lakini hakuigusa ile betri. Niliitoa mimi, nikairudisha mimi, nikaiwekea muda kwa saa ya ukutani ya ghala, ambayo inachelewa dakika saba, kila mtu pale analijua hilo. Kaitazameni. Nilijua imesahau, nikamfunga mume wangu mkononi, nikamwambia nenda.

Crisanto bado hajui. Naomba nimwambie mwenyewe.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeyasikia, ni yangu yote. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Saini: J. Desucatan

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika kama shahidi alivyosema, nikamsomea, akasaini mbele yangu. Saa tano kasorobo asubuhi nilikitoa kielelezo, yaani saa ya majeruhi, kwenye mfuko na kukilinganisha na saa ya kituo: kinachelewa dakika saba. Saa tano na nusu nilifika ghalani kwa Bw. Yap. Saa ya ukutani inachelewa dakika saba. Hati ya Lorraine Villacarlos imerudishwa kwake leo saa sita mchana.

Shahidi alipokiona kielelezo aliomba bakuli la maji matamu akisuuze, akionyesha chumvi iliyokauka kwenye vitufe. Nilimweleza kwamba ni ushahidi, hakiguswi mpaka kesi iishe. Alisema chumvi haingojei kesi. Aliendelea kukaa kwenye benchi na leso yake mkononi mpaka nilipokirudisha kabatini.

Kpl. Ritchel Ouano