Naanguka mbele ya drapo, hapana mu njia

Mama Constance mupendwa, weye unayejibuaka bantu mu radio, nakuomba unisaidie mawazo, juu ku nyumba yetu banataka kuuzisha kinga, baiskeli yetu, na kinga ile njo posho yetu.

Jina yangu Émerance, niko mama ya mutoto moja, Mwaba, anaanza tu kutembea. Kampani ya bwana yangu Edouard ilifunga, mushahara haikuye tena, bei ya unga inabadirika mbele haujafika ku soko, na kisha ile pillage, bantu kupora maduka, hata bisi za kubeba bantu zilikosa, basi miye nilikamata kinga ya Edouard iliyokuwa inaegemea tu ku ukuta, nikaanza kubeba makala, mukaa ya kupikia, naitosha kule ku njia ya Kasenga naileta ku mutaa ya Makomeno, ku manyumba ya bakubwa, na Mama Constance usiniseke, mu avenue yetu hakuna mwanamuke mwingine anafanya vile. Banaume ba makala balikuwa banasema ati "Mama, leo utalala mu mufereji na mifuko yako," lakini ku mulima miye nabapita, nasukuma bila kusimama, na nikifika pale juu mugongo yote imelowana na nasikia furaha kama ile siku nilizala. Edouard njo anabakia na mutoto, anamuogesha, anamufunga nguo ya mukojo vizuri kupita miye. Jirani akimuseka, anamujibu: "Bibi yangu iko na miguu. Ya kwako iko na nini?"

Lakini kuko mambo mbili. Pumzi yangu, naanza tu kunyonga kinga, bado sijachoka, palepale inapanda na moyo inapika mbio, na mama mukwe wangu, Mama Ngosa, aliona akasema: "Mama ya Mwaba, pumzi yako inatangulia kazi. Kuko kintu kinakukimbiza." Na ile ya pili njo mubaya zaidi, juu asubui napita mbele ya kampi ya basoda, baaskari ba serikali, na drapo, ile bendera ya inchi, ikianza kupanda unajua weye mwenyewe, kila muntu anasimama kama muti, hata uko na muzigo, hata unakimbia. Njo pale naanguka. Nasimama wima nikikamata kinga, masikio inalia, macho inaingia giza, kisha najikuta chini na makala imemwangika. Mara ya kwanza basoda baliseka, moja akasema: "Mama huyu anapenda inchi kupita siye bote!" Lakini juzi nilianguka tena, ule ule soda akanikazia macho: "Ukiangusha makala yako hapa tena, tutasema unatukana drapo."

Mama Ngosa aliposikia alilia. Anasema drapo inaona kintu kiko ndani yangu, kazi ya mwanaume imeniingizia roho, na siku ya mungu, kisha misa, bakubwa ba familia banakuja kuuza kinga. Miye sina ugonjwa, Mama. Mu njia siangukake hata siku moja. Niko na hofu ya kupoteza kinga kupita hofu ya kuanguka. Nifanye namna gani?

Émerance

*

Émerance mutoto yangu,

Kinga haiuzwe. Naanza pale, ili usikie mbele bengine bazime radio.

Sasa sikiliza. Mu misuli ya miguu muko mishipa midogo yenye kupeleka habari ku kichwa. Muguu ikianza tu kusonga, inasema: tumeanza kazi, letea siye pumzi, sukuma damu. Haingojake uchoke. Mpishi muzuri anawasha moto mbele bageni baikale ku meza, hapana kisha. Pumzi yako inatangulia kazi juu mwili yako inajua kazi. Mama Ngosa akikataa, aikale ku mukeka, alale chali, mutoto wake Edouard amukamate miguu (hapana weye, juu ya heshima) azisongeshe polepole kama ananyonga kinga. Yeye mwenyewe asifanye kintu. Musikilize pumzi yake: itapanda kidogo. Kisha mumuulize kama naye iko na roho ya makala.

Juu ya drapo sasa. Ukiwa unasukuma, misuli inakaza inalegea, inakamua damu ya miguu irudie juu ku moyo. Ukisimama ghafula kama muti, hakuna tena wa kuikamua. Mishipa ya damu ingali wazi juu ya kazi, damu inabakia chini, kichwa inakosa, unaanguka. Drapo haijaona kintu. Umesimama vibaya, njo ile tu.

Lakini nitakugombeza. Barua yako yote haisemi nafasi moja unakula nini asubui. Nawajua bamama ba sasa: bukari, ile ugali, ya bwana, uji ya mutoto, mama anaenda na tumbo wazi. Acha. Kunywa maji, kula kintu mbele ya kinga. Na uende ku dispansere bakuangalie damu, bakuulize kama hauna mimba. Siku utaanguka ukiwa unanyonga, ao kifua ikuume, ile ni mambo ingine: usingoje, kimbilia docteur.

Ku kampi, shuka mu kinga mbali kidogo, tembea polepole, pumzi itulie. Drapo ikipanda, simama wima, lakini ndani ya viatu kaza vidole na misuli ya nyuma ya muguu, legeza, kaza tena. Soda hataona kintu. Usifunge pumzi, hata ku mulima. Na giza ikianza ku macho, ikala chini palepale, kichwa mu magoti. Akipiga kelele, mwambie: "Papa, kichwa inazunguka." Afazali uikale kwa akili yako kuliko uanguke.

Siku ya mungu bakubwa bakifika, wapokee vizuri, upatie kila moja kiti. Edouard aseme wa kwanza, juu kinga ni ya kwake. Kisha useme weye, bila kulia: hii inchi imeanguka, makampani imeanguka, miye njo nasimama, na mutoto anakula. Bakitaka kinga, bakuje asubui na miye mpaka ku mulima wa njia ya Kasenga. Mwenye atafika juu mbele yangu, ataikamata.