Miguu ya Awuor

Jumatatu, 5 Mei. Osiri.
Nimeingia shimo la dhahabu alfajiri kama kawaida. Mwamba mgumu leo, vumbi kama unga. Nilipotoka kuvuta pumzi nikakuta Mama Awuor amenipigia simu mara nyingi kutoka Muhuru Bay. Awuor wetu ameanguka shuleni kule Oyugis, wakiwa paredi. Hawezi kusimama. Nimeosha uso tu, nikapanda gari na matope yangu. Mtoto wa miaka kumi na miwili. Naogopa.

Jumanne, 6 Mei. Oyugis.
Tumelala hospitalini, mimi na Mama Awuor kwenye benchi moja. Wamempiga picha ya mgongo. Wamepima damu. Hakuna kilichovunjika. Nikamuuliza daktari, mama mmoja mpole, kama mtoto anajifanya.
"Hajifanyi," akasema. "Miguu imekataa kweli. Mtoto akibeba huzuni nyingi, wakati mwingine mwili hufanya hivi." Kisha akauliza tunaishi wapi.
Baba yuko Osiri. Mama yuko Muhuru Bay, biashara ya omena, dagaa wa ziwani. Mtoto bwenini, na likizo kwa shangazi. Nilipojisikia nikitaja hivyo nikahesabu: watu watatu, makao manne.
Dawa: mazoezi kila siku, na watu wake wawe karibu. Mimi nilitaka sindano. Sindano ningeielewa.

Alhamisi, 8 Mei. Muhuru Bay.
Tumeruhusiwa, tumehamia kwa Mama Awuor: chumba kimoja nyuma ya stoo ya omena. Tuko watatu. Kila nikisimama nimemzibia mtu njia. Mama Awuor ana presha, sikujua imefika hapo. Anameza vidonge bila maji, akikimbilia ufuoni. Tumegombana kwa sauti ya chini: nani atabaki na mtoto. Awuor akageukia ukuta. Anasikia kila kitu. Nimeona aibu.

Jumapili, 11 Mei.
Nimembeba mgongoni hadi ufuoni. Mzito! Mara ya mwisho nilipombeba alikuwa wa kulala begani. Watu wanakodoa macho. Jirani anasema ni chira, laana ya ukoo. Ndugu yangu kwa simu anasema nimpeleke kwa mganga. Nimekataa yote. Tunakunja miguu, tunanyoosha. Hakuna kitu. Awuor hanitazami usoni, ananijibu kama mgeni. Inauma.

Alhamisi, 15 Mei.
Msimamizi wa shimo amepiga. Nisipofika kesho, nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Ana sauti kubwa, chumba kizima kimesikia. Awuor akanitazama. Mara ya kwanza.
"Baba, kesho unaenda?"
Nikamwambia msimamizi ampe huyo mtu. Nikakata simu. Mama Awuor akaketi juu ya gunia. Kisha akanimiminia chai.
Awuor akalia. Kilio cha mtoto mdogo, na kamasi, amening'ang'ania shati. "Nilikuwa nafikiria, nikifa shuleni mtachelewa kujua." Mama yake akatoka nje, akarudi na macho mekundu, akalala kando yake mchana kutwa. Omena ijiuze au isijiuze, alisema.
Jioni, nikimkanda mguu, kidole gumba kimesogea. Kidogo tu. Nimekiona. Mama yake amekiona. Tumepiga kelele kama wendawazimu.

Alhamisi, 22 Mei.
Ndani ya maji anaweza kusimama! Maji ya kiuno, mimi mkono huu, mama yake ule. Mama Awuor aliingia na nguo zake zote, leso ikaelea, tukaikimbiza. Nilikuwa nimesahau mke wangu anavyocheka. Nikimtoa Awuor nchi kavu, magoti yanalegea tena. Haidhuru. Sijagusa pombe tangu nije, na Osiri nilikunywa kila jioni. Sikuwa nimeahidi mtu. Haijanijia tu.

Jumanne, 27 Mei.
Siku mbaya. Ameanguka mlangoni, amejigonga, anasema hataki tena mazoezi. Mama yake akamkemea, kisha akajuta. Nimeanza kutengeneza injini za mashua, kazi imeingia, lakini leo sikugusa hata moja. Je, kama ataishia hapa?

Ijumaa, 30 Mei.
Omena ilikuwa imeanikwa ufuo mzima. Wingu likatoka ziwani ghafla, jeusi, na upepo. Kina mama wote wakakimbia kukusanya. Tulimwacha Awuor juu ya gunia chini ya banda. Mama Awuor anavuta wavu wa kuanikia upande mmoja, upepo unaubeba upande wa pili, anapiga kelele, "Shika hapo! Mtu ashike hapo!" Mimi niko mbali, beseni kichwani.
Nikageuka. Pembe ya wavu imeshikwa. Aliyeishika ni Awuor. Amesimama. Kati ya gunia na ule wavu hakuna pa kushika, mchanga mtupu.
Mama yake akamwona. Akaachilia upande wake. Omena yote chini, mvua ikashuka, hakuna aliyejali. Jirani wa chira ndiye aliyeanza vigelegele. Ufuo mzima ukaitikia. Awuor akatembea hadi kwangu, akiyumba, ameloa, anacheka.
"Baba, usinibebe."
Sikumbeba. Nilitembea kando yake nikilia mbele za watu. Mwanamume mzima. Sina haya nayo.

Jumatatu, 9 Juni.
Awuor ameanza shule ya kutwa hapa Muhuru. Bado anachechemea kidogo asubuhi. Ijumaa kliniki walipima presha ya mama yake mara mbili, hawakuamini imeshuka. Leo nimemsindikiza mtoto shuleni. Karibu na lango akaona msichana wa darasa lake.
"Baba, hapa inatosha. Rudi."
Nikasimama mpaka akaingia. Hakugeuka nyuma. Nikarudi nyumbani kunywa chai na mama yake.