Kitasa cha chumba cha baba yako

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Mogitu tu wazima, na maharage yameanza kuchanua. Ila tangu uliponiuliza ununue kitasa gani huko Arusha kwa chumba cha baba yako, ambaye mikono yake haikamati tena, sina raha. Usinunue kile cha duara cha kuzungusha!

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, babu yako aliendesha kombaini, tukapewa nyumba ya wafanyakazi. Kaka yangu Tluway, ambaye vidole vyake vilijikunja kwa ugonjwa, alikaa nasi akinilelea mtoto. Mlango ulikuwa na kitasa cha duara kinachong'aa, nami nilikiringia sana. Siku moja vibarua walipochoma mabua shambani, upepo wa mlimani ukaubamiza ule mlango, kaka na mtoto wakiwa ndani. Nilirudi mbio kutoka kisimani, nikakuta moshi unaingia dirishani, mtoto analia, kaka anagonga kwa viwiko. Nikafungua.

Alipoacha kukohoa akaniambia, "Dada, kule kwa mama mlango nilikuwa nausukuma kwa bega. Kilema nimekuwa hapa kwako."

Kwa hiyo tafuta kitasa chenye mkono wa kubonyeza chini. Ukiwa dukani kunja ngumi, ujaribu kukifungua hivyo hivyo. Kikikataa, kiache. Nijibu upesi, maana fundi anakuja Jumamosi.

Mtoto aliyekuwa akilia mle ndani ndiye baba yako. Sitaki kumsikia tena nyuma ya mlango.

Bibi yako